Mwanasheria wa Duka la Watu Wote

Neno "wakili" lilitufikia kutoka Kiarabu, na ndani yake mna wazo la mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe. Ukimweka mtu kuwa wakili wako, umemwachia asimame mahali pako. "Mwanasheria" ni neno pana zaidi: ni mtu yeyote aliyesomea sheria na anayeishi kwa elimu hiyo, hata kama hajapata kusimama mbele ya hakimu maishani mwake. Wanafunzi wangu hapa Kampala, ambao wengi wao wanajifunza Kiswahili wakiwa watu wazima wenye kazi zao, huyachanganya maneno haya mawili. Mimi huwaambia waulize kwanza: huyu amekabidhiwa jambo la nani?

Muhula uliopita binti mmoja darasani, anayefanya kazi katika ofisi ya sheria ya kampuni ya bima, aliniuliza, "Mwalimu, mimi sina wateja wanaonijia mlangoni. Nimeajiriwa, napokea mshahara kila mwezi kama karani. Kwa Kiswahili nijiite nani?" Nilimjibu kwamba watu husema mwanasheria wa kampuni au mwanasheria wa shirika, na wenzake kwa pamoja huitwa kitengo cha sheria au idara ya sheria. Jibu hilo lilimtosha. Akaandika katika daftari lake, akaketi. Mimi ndiye niliyeondoka na swali, kwa sababu wiki ileile nilikuwa ninasoma habari za ushirika mkubwa wa maduka wa Uingereza, wenye mamilioni ya wenyewe, na kila mmoja wao ana kura moja tu. Kampuni ya bima ina wanahisa, na mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti kubwa. Je, mwanasheria wa duka ambalo kila mnunuzi anaweza kuwa mmiliki wake amekabidhiwa jambo la nani?

Kabla hatujafika huko, yafaa tuweke sawa neno "ushirika". Katika nchi zetu neno hili linanukia kahawa na pamba. Tukisema ushirika tunawaza Bugisu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, au Kilimanjaro ambako chama kikuu cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1933. Huo ni ushirika wa wazalishaji: wakulima wanakusanya mazao yao ili wasinyonywe na mnunuzi. Kuna ushirika mwingine unaokwenda kinyume chake, nao huitwa ushirika wa walaji. Hapo wanaoungana ni wanunuzi, ili wasinyonywe na muuza duka. Tanzania iliujaribu kwa namna yake mwaka 1976 katika Operesheni Maduka, lakini ule ulikuwa mpango wa serikali kuliko wa wanunuzi wenyewe, na haukudumu. Kwa hiyo vijana wengi wa ukanda huu wamekua bila kuona duka la ushirika lenye nguvu, na mfano unaowafaa inabidi tuufuate ng'ambo.

Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale karibu na Manchester, kundi la wafumaji na mafundi lilifungua duka dogo katika mtaa wa Toad Lane. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Simulizi husema walikuwa watu 28 na mtaji wa pauni 28. Wakati ule wauza duka wengi walichanganya chaki katika unga na kupunja mizani, na mfanyakazi aliyekopa dukani alikuwa mtumwa wa daftari la mwenye duka. Watu wa Rochdale walijiwekea masharti: vyakula visivyoghushiwa, mizani ya haki, fedha taslimu, kura moja kwa kila mwanachama, na faida kugawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja badala ya kwa kadiri ya hisa.

Hapa ndipo wanasheria wanapoingia, na huingia mapema kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Uingereza ya wakati ule haikuwa na mahali pa kuliweka duka la namna hiyo. Watu wa Rochdale walijisajili chini ya sheria iliyokusudiwa vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi, jambo lililowabana kama kiatu cha kuazima. Mawakili wachache waliojiita Wasoshalisti Wakristo, miongoni mwao John Malcolm Ludlow na Edward Vansittart Neale, walipigania sheria mpya, na mwaka 1852 ikapitishwa. Mwaka 1862 ikaja nyingine iliyokamilisha kazi: ilimkinga mwanachama asidaiwe zaidi ya thamani ya hisa zake, na ikaruhusu chama kimoja cha ushirika kumiliki hisa katika chama kingine. Mwaka uliofuata, 1863, vyama vya kaskazini mwa Uingereza vilitumia ruhusa hiyo kuunda chama chao cha kununua kwa jumla. Ushirika mkubwa wa leo wenye makao yake Manchester, unaoitwa Co-operative Group, ni mjukuu wa chama hicho.

Ninamheshimu sana Neale. Alizaliwa katika utajiri, akautumia sehemu kubwa kuvisaidia vyama vya ushirika ambavyo vingine vilianguka, na uzeeni alifanya kazi ya Katibu Mkuu wa umoja wa vyama hivyo tangu 1873 hadi 1891. Ludlow naye alikuja kuwa msajili mkuu wa vyama vya namna hiyo. Huku kwetu neno hilo "msajili" lina ndugu yake, "mrajis", linalotumika sana Tanzania kwa afisa wa serikali anayesimamia ushirika. Ofisi hiyo tuliirithi. Sheria za ushirika za Tanganyika ya mwaka 1932 na Uganda ya mwaka 1946 zilitungwa na serikali ya Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anayesoma masharti ya chama cha wakulima wa kahawa anasoma, bila kujua, maneno ambayo mizizi yake iko Rochdale.

Ushirika huo leo una maduka ya vyakula zaidi ya 2,000, mengi yakiwa madogo ya mitaani. Unaendesha pia huduma za mazishi na bima. Kujiunga ni pauni moja. Tuseme kidogo kazi za kila siku za kitengo cha sheria katika nyumba kubwa kama hiyo. Kila duka lina jengo, na majengo mengi yamepangwa, kwa hiyo kuna mikataba ya pango isiyokwisha. Kila duka linalouza pombe lazima liwe na leseni. Kuna mikataba na wasambazaji wa maziwa, mkate na ndizi, kesi za wafanyakazi, watu walioteleza sakafuni, alama za biashara, matangazo yanayopaswa kusomwa kabla hayajabandikwa. Anayelipia mazishi yake akiwa hai analindwa na sheria tangu Julai 2022, mpango huo ulipowekwa chini ya msimamizi wa mambo ya fedha, na mtu fulani ofisini alilazimika kuusoma upya kila mkataba wa namna hiyo. Kazi hizi ni za lazima, na sehemu kubwa haina tofauti na kazi za kampuni nyingine yoyote ya maduka. Sitazikawilia. Ila niwatahadharishe wasomaji: ushirika huo una pia tawi linalouza huduma za sheria kwa umma, kama kuandika wosia na kusimamia mirathi, ambalo mwaka 2012 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kupewa leseni ya aina mpya ya biashara hiyo. Wanasheria wa tawi hilo wana wateja wa nje. Ninaowazungumzia ni wale ambao mteja wao ni ushirika wenyewe.

Tofauti na kampuni inaanzia katika kitabu cha masharti. Katika ushirika, masharti ni katiba. Yanasema nani mwanachama, nani anapiga kura, mkutano mkuu unaitishwa vipi, bodi inachaguliwaje, mali itakwenda wapi chama kikivunjwa. Huwezi kubadili sharti kwa barua ya mkurugenzi. Lazima liandikwe, lijadiliwe, lipigiwe kura na wanachama, kisha lipelekwe kwa msajili, na lisiposajiliwa halina nguvu. Mtu anayesimamia mwendo huo wote ni katibu wa ushirika, na katika ushirika wa Manchester cheo cha katibu na cha mwanasheria mkuu vimeunganishwa katika kiti kimoja. Nimeona watu wakilichukulia jambo hilo kuwa la kubana matumizi. Mimi naona linaeleza kazi yenyewe. Anayeshika kalamu ya kumbukumbu za wanachama ndiye anayemshauri bosi juu ya sheria, na siku bosi na wanachama watakapovutana, hataweza kudai kwamba hakujua wanachama walisema nini.

Siku hiyo hufika. Mimi nimeiona katika chama kidogo cha akiba na mikopo cha walimu ambacho ni mwanachama wake, na ambacho sitakitaja. Bodi ilibadili sharti la muda wa uongozi bila mkutano mkuu. Tulipoitisha mkutano, mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, alisimama akamwuliza wakili wa chama kwa adabu kabisa: "Ndugu wakili, jambo hili ni halali?" Wakili akajibu kwamba yeye ameitwa pale na mwenyekiti, na maswali yote yaelekezwe kwa mwenyekiti. Mzee akauliza tena: "Na anayekulipa ni nani?" Ukumbi ukacheka, lakini mzee hakuwa akitania. Tulikuwa tumekatwa shilingi zetu kila mwezi, na katika shilingi hizo mlikuwamo ada ya wakili. Mpaka leo sharti lile limebaki jinsi bodi ilivyoliandika.

Kanuni za taaluma ya sheria, Uingereza na hapa kwetu, zinakubaliana na mzee yule. Mteja wa mwanasheria mwajiriwa ni shirika. Mwenyekiti, mkurugenzi na meneja ni vinywa ambavyo shirika husemea, lakini hakuna hata mmoja wao aliye shirika. Ni rahisi kuliandika jambo hili katika kitabu. Ni vigumu kuliishi pale ambapo mkurugenzi ndiye anayetia saini barua ya kupandishwa cheo. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililitazama suala hilo tarehe 14 Septemba 2010, katika shauri la kampuni ya kemikali ya Akzo Nobel. Swali lilikuwa kama barua kati ya kampuni na mwanasheria wake mwajiriwa zinastahili kinga ya siri, kama zinavyostahili barua za wakili wa nje, pale Tume ya Ulaya inapochunguza ushindani wa biashara. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba mwajiriwa, hata akiwa mwanachama wa chama cha mawakili, anamtegemea mwajiri wake kiuchumi na hawezi kuwa na uhuru ule ule. Sheria ya Uingereza yenyewe haifuati msimamo huo. Huko barua za mwanasheria mwajiriwa zinalindwa. Wanasheria waajiriwa wengi waliuona uamuzi ule kuwa tusi. Nikikumbuka ukumbi wetu wa walimu, siwezi kusema kwamba majaji walikosea kabisa, ingawa wakili wetu hakuwa hata mwajiriwa: alikuwa wa nje, na bado alimwona mtu mmoja tu katika chumba chenye watu mia mbili.

Lakini tusiwahukumu wote kwa huyo mmoja. Mwaka 1997 mfanyabiashara mmoja kijana wa London alitaka kuutwaa ushirika wa Manchester, ambao wakati ule ulikuwa bado unaitwa chama cha ununuzi wa jumla, kwa takriban pauni bilioni 1.2. Katika kampuni ya kawaida angenunua hisa sokoni kimyakimya hadi awe na nyingi. Hisa za ushirika haziuzwi sokoni, na anayezimiliki nyingi bado ana kura ileile moja. Kwa hiyo njia yake ilikuwa kuwashawishi wanachama waigeuze nyumba yao kuwa kampuni na kupokea fedha mkononi. Wakati huohuo nyaraka za siri za ushirika zilikuwa zikimfikia, zikitolewa na ofisa wa ndani wa ngazi ya juu. Ushirika uligundua, ukaweka wapelelezi wa kibinafsi, kisha ukakimbilia Mahakama Kuu kuomba amri ya zuio. Amri ilitolewa mwezi Aprili: nyaraka zirudishwe, zisitumike. Mpango wote ukaanguka katika siku chache.

Mtendaji mkuu wa wakati huo alikuwa Graham Melmoth. Kabla ya kukalia kiti hicho alikuwa katibu wa ushirika kwa karibu miaka 20. Mtu aliyezoea kutunza masharti na kumbukumbu ndiye aliyejikuta akiulinda mlango. Wapo watakaosema kwamba alikuwa akiulinda mshahara wake pia, na hawatakuwa wamesema uongo, kwa kuwa wakurugenzi hupoteza kazi kampuni zinapotwaliwa. Ila amri ya zuio haikumzuia mtu kutoa hoja mbele ya wanachama. Ilimzuia kutumia karatasi zilizoibwa. Huo ndio mpaka ambao mwanasheria mzuri huuchora: kumwacha mpinzani aseme, na kumnyima kile asichokuwa na haki nacho.

Miaka 16 baadaye hatari ilitoka ndani. Mwaka 2013 benki ya ushirika huo ilikutwa na pengo la pauni bilioni 1.5 katika mtaji wake, na kundi zima lilitangaza hasara ya pauni bilioni 2.5 kwa mwaka huo. Paul Myners, aliyewahi kuwa waziri, aliombwa kuchunguza uongozi. Alikuta kwamba watu waliochaguliwa kupitia ngazi za mikoa walikuwa wamekalia bodi ya shirika la mabilioni bila ujuzi wa kuliendesha. Ushirika ukagawanyika. Wengine waliyaona mapendekezo yake kuwa mlango wa nyuma wa kuwapokonya wanachama nyumba yao. Wengine waliona kwamba pasipo mabadiliko hakutakuwa na nyumba ya kupokonywa. Mwaka 2014 wanachama walipiga kura mara mbili, mwezi Mei kwa misingi na mwezi Agosti kwa masharti mapya yenyewe: bodi ndogo yenye wakurugenzi wengi huru, baraza la wanachama 100, na kura moja kwa kila mwanachama.

Watafiti wa siasa huandika juu ya kura hizo kama mapambano ya mawazo. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa lugha, ninazifikiria rasimu. Kati ya Mei na Agosti mtu fulani aliandika sharti kwa sharti, na katika kila sharti alipaswa kuchagua kati ya "atashauriana na baraza" na "atapata idhini ya baraza". Maneno mawili, na ndani yake nguvu yote inahama kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Wanafunzi wanaolalamika kwamba nawasumbua kwa tofauti ya "anaweza" na "atapaswa" wajaribu kusoma masharti ya chama chochote, hata kile cha kuzikana mtaani kwao, wakiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Sasa nije kwenye mambo ambayo wapenzi wa ushirika hawapendi kuyasimulia. Uingereza ina kanuni zinazomlinda msambazaji wa vyakula mbele ya maduka makubwa, zilizoanza kutumika Februari 2010. Duka kubwa haliruhusiwi kubadili mkataba ghafla, wala kuiondoa bidhaa ya msambazaji rafuni bila kumpa taarifa ya muda wa kutosha. Kuna msimamizi maalumu wa kanuni hizo, na kila duka kubwa lazima liwe na ofisa wake wa ndani wa kuhakikisha zinafuatwa. Mwaka 2019 msimamizi, Christine Tacon, alitoa ripoti juu ya ushirika wa Manchester. Bibi huyu aliufahamu vyema, kwani alipata kuongoza mashamba yake kwa miaka mingi. Alikuta kwamba ushirika ulikuwa umevunja kanuni: bidhaa za wasambazaji ziliondolewa bila taarifa inayofaa, na tozo fulani zilikatwa katika fedha zao bila utaratibu. Hakuutoza faini. Alitoa mapendekezo matano, na mojawapo linagusa mada yetu moja kwa moja: vitengo vya sheria, vya uzingatiaji wa kanuni na vya ukaguzi wa ndani lazima viwe na jicho la kutosha juu ya mifumo na taratibu za ushirika.

Nilipoisoma ripoti hiyo nilisimama hapo kwa muda. Wanunuzi wa bidhaa katika ushirika ule hawakuwa wezi. Walikuwa vijana wenye kompyuta na malengo ya mwezi, ambao wengi hawakufunzwa vya kutosha kuhusu kanuni zile, na mfumo wa kompyuta uliwaruhusu kubonyeza na kuendelea. Ushirika ulikuwa umejizoesha kujiona mwema, nao kweli ulikuwa mwema katika mengi: uliuza kahawa, ndizi na kakao za biashara ya haki wakati wengine wakisitasita. Lakini mwenye kiwanda kidogo cha jamu aliyeamka na kukuta jamu yake haimo tena rafuni hasaidiwi na sifa hizo. Nafikiri wema unaojulikana na wote ni hatari ya pekee kwa kitengo cha sheria. Katika kampuni ya kawaida kila mtu hushuku faida, na mwanasheria hutarajiwa kuuliza maswali. Katika nyumba ya ushirika akiuliza, anaonekana kama mtu asiyeamini familia yake.

Mwezi Aprili 2025 wadukuzi waliingia katika mifumo ya ushirika huohuo. Rafu za baadhi ya maduka zikawa tupu kwa siku kadhaa. Mwezi Julai mtendaji mkuu alithibitisha hadharani kwamba taarifa za wanachama wote milioni 6.5 zilinakiliwa: majina, anwani, namna za kuwapata. Sheria ya huko inataka msimamizi wa taarifa binafsi aarifiwe ndani ya saa 72 tangu shirika litambue uvujaji unaoweza kuwadhuru watu. Saa 72 si nyingi pale ambapo wataalamu wa kompyuta bado hawajui mwizi amefika chumba gani. Meneja wa mawasiliano angependa tangazo fupi lisilotia hofu. Mwanachama ana haki ya kujua jina lake liko mikononi mwa nani. Anayekaa kati ya hao wawili, akipima kila neno la barua, ni mwanasheria. Tena barua hiyo haiendi kwa mteja tu kama ingekuwa ya duka la mtu binafsi. Inakwenda kwa mwenye nyumba, kumwarifu kwamba nyumba yake imevunjwa. Uganda tuna sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Vyama vyetu vya akiba vina namba za vitambulisho na simu za walimu, wauguzi na waendesha bodaboda. Ningependa kila mwanachama aulize katika mkutano mkuu ujao nani ataandika barua kama hiyo, na kwa nani ataanza kuipeleka.

Mwaka huohuo wa 2025 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilitangaza jambo jingine, dogo machoni pa magazeti. Tangu 2010 maduka makubwa ya vyakula yamekatazwa kuweka katika mikataba ya ardhi vifungu vinavyomzuia mshindani kufungua duka jirani. Maduka kadhaa makubwa yalikwisha kukutwa na vifungu hivyo. Zamu ya ushirika ilipofika, ilibainika kwamba ulikuwa umelivunja katazo hilo zaidi ya mara 100. Ulikiri, na ukakubali kuirekebisha mikataba.

Hapa hakuna mdukuzi wala kijana wa kununua jamu wa kulaumiwa. Mikataba ya ardhi huandikwa na wanasheria, hukaguliwa na wanasheria, na kutunzwa katika makabati yao. Kifungu kilichowafaidi wakurugenzi wa maduka kilimnyima mama wa mtaa ule duka la pili lenye bei nafuu, na mama huyo yumkini alikuwa na kadi ya uanachama mfukoni mwake. Nimelipeleka jambo hili darasani, na nimempa yule binti wa kampuni ya bima kazi ya kuandika kwa Kiswahili barua moja kati ya zile zaidi ya mia, ya kumwomba mwenye jengo akubali kifungu hicho kifutwe. Ameniletea rasimu ya kwanza. Ameandika "Kampuni yetu inaomba", akakata kwa mstari, akaandika juu yake "Sisi wanachama tunaomba", akakata tena, na nafasi hiyo bado iko wazi.